Dawa Isiyomezwa

Ilikuwa Alhamisi ya Novemba, saa moja na nusu ya asubuhi. Mawingu yalikuwa yameziba milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, upepo ulikuwa umetulia, na mvua ilikuwa bado haijakata shauri. Katika nyumba moja ya mtaa wa Kibenga, Amira, mtoto wa miaka minne, aliinamia beseni na kutapika.

Mama yake, Thuwaiba, alimshika paji la uso. Halikuwa na joto. Kisha akatazama ndani ya beseni. Mtoto alikuwa hajapata chai wala mkate tangu aamke, na kilichotoka kilikuwa povu jepesi lenye rangi ya waridi. Thuwaiba akasogeza pua. Povu lile lilinukia stroberi.

Hapo shaka iliyokuwa ikimtambaa moyoni kwa siku kadhaa ilisimama wima. Nyumba ile haikuwa na stroberi. Harufu hiyo ilikuwa imeingia mlangoni siku ya Jumamosi, ndani ya mkoba wa wifi yake.

Wifi huyo, Soumaya, alikuwa dada mdogo wa mumewe Faris. Alikuwa amesomea udaktari wa meno Algiers, akarudi, akafungua kliniki ndogo katika mtaa wa Mutakura, juu ya duka la vitenge. Jumamosi ile alimketisha Amira karibu na dirisha, akamwonyesha Thuwaiba magego mawili yaliyoanza kuoza, akayakausha meno kwa pamba, kisha akayapaka kwa kiburashi kitu cha njano kinachonata, chenye harufu ya stroberi.

"Ni vernis," alisema.

Thuwaiba na mumewe walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi katikati ya mji. Vernis aliijua. Ilikaa rafu ya chini, katika makopo, na mafundi waliinunua kwa ajili ya milango.

"Vernis ile ya mbao?"

Soumaya alicheka. "Apana, wifi! Hii ni ya meno. Iko na fluor. Fluor inatia jino nguvu ili sukari isipate pa kutoboa. Leo asile kitu kigumu, asipige mswaki mpaka kesho. Na hii hapa ni dawa ya meno yake, nayo inanukia stroberi, ataipenda. Weka kidogo, kama punje ya njegere. Asimeze, ateme. Lakini akisha kutema asisukutue na maji, dawa ibaki kwenye meno."

"Kama ni dawa, kwa nini asimeze?"

"Kwa sababu ni ya meno, si ya tumbo."

Jibu hilo lilikuwa fupi mno. Thuwaiba aliligeuza kichwani usiku kucha na halikumkalia sawa. Dawa gani isiyomezwa? Kitu kinachopakwa lakini hakimezwi ni rangi, au ni sumu. Tena Soumaya alikuwa amevaa glavu. Kama kitu kile kilikuwa salama kwa ulimi wa mtoto, kwa nini hakikuwa salama kwa vidole vya daktari?

Wifi na wifi, watu husema, ni paka na paka katika gunia moja. Hawa wawili hawakuwa wamefika huko, lakini makucha yalikuwapo. Katika karamu ya mjomba Ilyas, Soumaya aliwahi kutangaza kwamba chai ya Thuwaiba ina sukari hata kijiko kikitumbukizwa kinasimama. Watu walicheka. Thuwaiba naye alicheka, na hakusahau.

Juu ya hayo, Jumatano jioni binamu yake Najla, muuza manukato, alimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Aliyezungumza hakujitaja jina. Alisema kwamba fluor hutiwa katika dawa ya panya, na kwamba wakubwa wanajua na wamenyamaza. Sauti ile ilikuwa na uhakika mkubwa, kama ilivyo kawaida ya sauti zisizo na jina.

Sasa Thuwaiba alibeba beseni hadi uani, mahali Faris alipokuwa akifuta gari.

"Mutoto ametapika tena."

"Pengine ni ndazi za jana."

"Ndazi hazinukii stroberi. Dada yako amemupakia mutoto wangu sumu."

"We, sema polepole. Soumaya hawezi kumudhuru Amira."

"Sijasema alitaka. Nasema amefanya."

"Bon, muulize."

"Nimuulize anijibu nini? Uliona wapi muuza mukeke akasema samaki wake ameoza?"

Faris alikamua kitambaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na aliyapanga kama alivyopanga misumari. "Sikia. Leo saa tisa kuna mukutano ya wazazi pale maternelle, shuleni kwa Amira. Madame Benite atawauliza kama Soumaya awapake watoto wote. Ukisimama pale ukasema ile maneno, si shule tu itamukataa. Hata Mutakura hakuna atakayepanda ngazi yake. Watasema, wifi yake mwenyewe amemukimbia. Cabinet, ile kliniki yake, itakufa. We fikiri."

Thuwaiba alifikiri kwa muda ambao birika lilihitaji kuchemka. Kisha akachukua simu, akaingia katika kundi la wazazi, akaandika kwamba tangu daktari Soumaya alipompaka mwanawe fluor, mtoto anatapika, na kwamba kila mzazi ajiamulie. Chini yake akaiweka ile sauti ya Najla. Kidole chake kilisita juu ya kitufe, kisha kikashuka.

Majibu hayakukawia. Anouar, fundi wa magari na baba wa mapacha, aliandika: "Mungu atulinde. Wangu hapakwi." Wengine wakamfuata. Madame Benite, mkuu wa shule, aliandika kwamba mambo yote yatazungumzwa saa tisa.

Mama yake Thuwaiba, Bi Sikuzani, aliingia jikoni akiwa na tasbihi mkononi. Tangu alipofiwa na mumewe, mzee Salem, alikuwa akiishi na binti yake, na asubuhi Amira alikuwa wake. Yeye ndiye aliyemwamsha, aliyemwosha na aliyemvisha.

"Ametapika?" aliuliza.

"Ametapika, mama."

"Usiogope. Inatoka kwa sababu inafanya kazi."

Thuwaiba alidhani mama anasema juu ya chai ya tangawizi, au juu ya minyoo, au juu ya dunia kwa jumla. Alichukua mkoba wake akaenda dukani.

Huko hakutulia. Alishusha kopo la vernis kutoka rafu ya chini akasoma maandishi yake. Palikuwa na alama ya moto na alama ya fuvu. "Tenir hors de portée des enfants," kopo lilisema, watoto wasilifikie. Thuwaiba alilirudisha mahali pake. Alikuwa amepata hakika. Aliamua kwamba hatazungumza tu mkutanoni. Atakwenda na Amira mwenyewe, wazazi wamwone alivyolegea.

Mvua ilianza kabla ya saa saba. Thuwaiba alifika nyumbani amelowa, akavua viatu mlangoni, akapita ukumbini bila kishindo. Kutoka jikoni alisikia sauti ya mama yake, tamu na ya kubembeleza.

"Fungua mudomo. Eeh. Sasa meza. Meza, mukaza-mwana wa mufalme. We! Usiteme dawa!"

Thuwaiba alisimama mlangoni. Amira alikuwa ameketi juu ya meza. Bi Sikuzani alikuwa ameshika kijiko cha chai. Kilikuwa kimejaa ute wa waridi, na kando yake lilikuwa bomba dogo lenye picha ya stroberi, limekamuliwa hadi kiunoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Namunywesha dawa yake."

"Dawa gani?"

"Ya meno! Kwani iko ingine? Kila asubuhi namupa kijiko kimoja, tumbo likiwa tupu, ipite vizuri. Leo nimemuongezea cha muchana, kwa sababu mukutano ni ya meno. Wamuone anang'aa."

Thuwaiba alimpokonya kijiko. "Mama, hii haimezwi! Inatemwa!"

Bi Sikuzani alimtazama kama mtu anayetazama mwana aliyepotoka. "Dawa inatemwa? Toka lini? We ulipokuwa na malaria, ulitema? Baba yako, Mungu amurehemu, alitema dawa ya presha? Dawa inanyweka, mwanangu. Kinachotemwa ni mate."

"Nani alikuambia umumezeshe?"

"We."

"Mi?"

"We mwenyewe. Jumamosi, ukikaanga samaki hapo. Ulisema: mama, Soumaya anasema dawa ya meno ibaki, Amira asisukutue. Nikajiuliza, ibaki wapi? Mudomo si kabati. Dawa inabaki tumboni."

Thuwaiba alitaka kukana, lakini alikumbuka. Alikumbuka mafuta yakiruka, na yeye akifupisha maneno ili amgeuze samaki. Soumaya alikuwa amempa maagizo kamili: kidogo, ateme, asimeze, asisukutue. Yeye alikuwa amepeleka kipande cha mwisho tu, na neno dawa lilikuwa limejaza mapengo.

Alipiga simu Mutakura. Simu iliita kwa muda mrefu kabla ya kupokewa.

"Mama Amira," sauti ya Soumaya ilisema. Hakusema wifi. "Nimeona ujumbe wako. Tangu asubuhi wagonjwa wangu wawili wamegeuka ngazini."

"Soumaya, mutoto amemeza dawa ya meno. Kijiko kizima. Na asubuhi kingine. Kila siku hivyo."

Thuwaiba alidhani wifi yake atafurahi. Lakini sauti ya Soumaya ilikuwa ya kazi.

"Ana usingizi wa ajabu? Anatetemeka? Anapumua vizuri?"

"Apana, anapumua. Analilia ndazi."

"Mupe kikombe cha maziwa sasa hivi. Maziwa yanaishika fluor tumboni. Usimutapishe kwa nguvu. Muangalie. Akitapika tena na tena, au akilegea, usinipigie mi, mukimbize hospitali na bomba lake mukononi ili walisome. Na hiyo tabia iishe leo. Kijiko kimoja kinachafua tumbo. Kijiko cha kila siku kinatia madoa kwenye meno makubwa, yale ambayo bado yanajengwa chini ya ufizi."

"Sawa."

"Mi ninakwenda mukutanoni," Soumaya alisema. "We unajua utakachosema."

Akakata simu.

Amira alikunywa maziwa yote, akaomba mengine. Thuwaiba alimtazama huku akipima mambo. Akinyamaza mkutanoni, hakuna atakayejua. Wazazi watakataa, Soumaya atapoteza shule na pengine kliniki, na jina la mama yake litabaki safi. Akisema, watu watauliza ni nani aliyeshika kijiko. Bi Sikuzani alikuwa mwanamke aliyelea watoto wa mtaa mzima. Kumtaja mbele ya watu kungekuwa kama kumvua mtandio.

Saa tisa darasa la maternelle lilikuwa limejaa. Watu wazima walikuwa wameketi katika viti vya watoto, magoti yakiwagusa videvu. Madame Benite alisimama mbele. Soumaya alikaa pembeni, mkoba wake miguuni, na kati yake na wazazi palikuwa na safu nzima ya viti vitupu. Faris aliegemea mlangoni. Thuwaiba aliingia na Amira na Bi Sikuzani, na minong'ono ikawafuata.

"Mama Amira," Benite alisema, "we ndiye uliyeanzisha. Sema."

Thuwaiba alisimama. "Nilichoandika asubuhi si kweli. Mutoto hakudhuriwa na vernis. Nyumbani kwetu tulikuwa tunamumezesha dawa ya meno. Ndiyo iliyomutapisha. Nilikosea, na nilimukosea Soumaya."

Alidhani maneno hayo yangetosha. Aliona nyuso zikifunga badala ya kufunguka.

Anouar aliinuka, kiti kidogo kikainuka naye. Alikibandua. "Asubuhi ilikuwa sumu. Saa tisa imekuwa dawa. Mama Amira, wifi yako amekuambia nini muchana?"

"Ameniambia nimupe mutoto maziwa."

"Maziwa! Na we ukabadilika? Sisi si watoto. Hayo ni mambo ya familia, mumeyapanga jikoni. Haya, nani alimumezesha?"

Thuwaiba alimtazama mama yake, akalikwepa jina. Alisema, "Nyumbani."

"Nyumbani si mutu. Ona, anaficha!"

Kicheko kikali kilipita. Ndipo Bi Sikuzani alipoinuka, mkono mmoja juu ya bega la Amira.

"Ni mi," alisema. "Mi Sikuzani, na we Anouar nilikukata kitovu. Mulisema dawa, nikamunywesha dawa. Mungesema sabuni, ningejua inatemwa. Nani hapa alifundishwa na mama yake kutema dawa? Asimame."

Hakuna aliyesimama. Mvua ilikuwa imekatika. Karibu na dirisha mwanamke mmoja kijana alimgeukia jirani yake na kunong'ona, lakini kila mtu alimsikia.

"Kwani inatemwa?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha, maana wengine hawakucheka. Soumaya aliinua kichwa. "Nani mwingine humu watoto wake wanameza?" aliuliza. Mikono ilipanda taratibu, mmoja mmoja, kama mikono ya watu wanaoogopa kuitwa ubaoni. Thuwaiba aliitazama, na hakuamini wingi wake.

Soumaya aliwaeleza bila kupamba. Jino hushambuliwa kila mtu anapokula sukari. Fluor hulifunga na kuliimarisha, kama ikilifikia kwa kiasi na kukaa juu yake. Mtoto asiyetimiza miaka mitatu huwekewa kiasi cha punje ya mchele. Aliyezidi umri huo, punje ya njegere. Mtu mzima ndiye anayekamua bomba, na mtoto hutema.

"Na hiyo vernis?" Anouar aliuliza. Hakuwa ameketi. "Hiyo nayo haimezwi?"

"Inaganda kwenye jino. Kidogo kitamezwa, lakini ni kidogo sana, hakimudhuru."

"Basi mupake Amira tena. Hapa, tuone."

"Apana."

"Kwa nini?"

"Amepakwa Jumamosi. Zamu yake ingine ni baada ya miezi. Simupaki mutoto kwa ajili ya maonyesho."

"Voilà!" Anouar alipiga makofi. "Anakataa! Chakula chake mwenyewe hakili!"

Darasa lilichafuka. Thuwaiba aliona jinsi jambo linavyoweza kugeuka. Kukataa kule kulikuwa ndiko usalama wenyewe, na kulikuwa kunamhukumu daktari. Aliona Soumaya akianza kufunga mkoba. Faris aliangalia chini. Benite aliinua mkono kutaka wapige kura, na kura ile ilikuwa imekwisha julikana.

"Nipake mi," Thuwaiba alisema.

Soumaya alimtazama. "Wifi?"

"Mi nina meno. Nipake mbele yao."

Aliketi katika kiti kidogo kilichokuwa mbele ya ubao. Soumaya alivaa glavu, na Thuwaiba alimwona akizivaa, na swali la Jumamosi likamrudia.

"Za nini hizo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni kwa ajili ya mate yako, si ya dawa. Fungua."

Kitambaa cha pamba kilikausha meno. Kiburashi kilisogea. Thuwaiba aliona kile kitu cha njano kikinata nchani. Shaka haikuwa imekwisha. Ilikuwa imebanwa tu, kama mlango uliofungwa kwa mgongo. Hata hivyo alifungua mdomo zaidi, na wazazi wakasimama juu ya vidole ili waone.

Soumaya alipomaliza, Anouar alisogea hadi karibu sana, akachungulia. "Unasikia nini?"

"Inanata," Thuwaiba alisema. "Na kuna harufu ya stroberi."

"Tutaona kesho kama utaamka," alijibu Anouar, na hapakuwa na mzaha mwingi katika sauti yake.

Benite hakupigisha kura. Alitangaza kwamba Jumatatu Soumaya atakuja shuleni, na kila mzazi atamleta mtoto wake au atamwacha nyumbani.

Yaliyofuata ni haya. Thuwaiba alifuta ujumbe wake katika kundi, ingawa ulikuwa umekwisha kusomwa na kusambazwa, akaandika mwingine ambao wachache waliujibu. Faris alimsindikiza dada yake hadi Mutakura na kumnunulia brosheti za nyama njiani. Najla hakuifuta sauti yake. Alituma nyingine, juu ya chumvi. Ijumaa asubuhi Anouar alipita dukani kumwangalia Thuwaiba usoni, akanunua paketi ya misumari, akaondoka bila salamu. Jumatatu alileta pacha mmoja, na mwingine akambakiza nyumbani ili alinganishe. Madame Benite alipokea watoto pungufu ya nusu. Bi Sikuzani hakuomba radhi kwa mtu, lakini alimfundisha Amira kutema mbali, hadi ukuta wa pili wa uani. Soumaya aliwapaka waliokuja, na kwa wazazi wao hakusema tena dawa ya meno. Alisema sabuni ya meno. Amira alikula wali na samaki, hakutapika, akalala.